Goti la Kushoto

Hasira ya Goti Mkubwa niliisikia kabla sijamwona mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nje ya geti la mabati la karakana moja, natafuta mahali pa kukaa kwa muda, maana mimi tangu ujana sijawahi kuzeeka mahali pamoja. Sauti ya mwanamke ikapita juu ya ukuta kama tofali: "Nani amekanyaga kamba yangu? Aliyekanyaga kamba yangu alete hicho kiatu nikitupe!" Sauti ya mwanamume ikaomba msamaha. Haikusaidia. Kiatu kikaruka ukuta, kikatua karibu na miguu yangu. Nikakiokota, nikaingia nacho ndani kumrudishia mwenyewe, na kwa kuwa begani nilikuwa nimebeba mfuko wangu wa sindano na gundi na uzi mnene, wakaniuliza kama naweza kushona mikanda. Nikasema hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nikabaki.

Humo ndani alining'inia Bibi. Wengine wangemwita kikaragosi, lakini neno hilo linakupa picha ya kitu cha kuchezea mtoto, na Bibi alikuwa na urefu wa nyumba ya ghorofa. Alikuwa mwanamke mzee wa mbao nyepesi, mbavu zake za fito zilizokunjwa kwa mvuke, nywele zake za katani, uso umechongwa ukawa na mikunjo yote ya mtu aliyecheka na kulia sana. Ndani ya kifua walimwekea mvukuto mkubwa kama ule wa wahunzi, ukivutwa kifua kinapanda, ukiachiwa kinashuka, basi ukikaa naye chumba kimoja unajikuta unapumua kwa mwendo wake. Hakuwa na mota hata moja. Kila kitu kilikuwa kamba, na kila kamba ilipita kwenye roda, yaani kigurudumu chenye mfereji, na kila roda ilifungwa kwenye fremu kubwa ya vyuma iliyosimama juu ya tela, na tela likavutwa na trekta polepole.

Watu wa pale hawakuitana kwa majina yao. Uliitwa kwa kiungo unachokivuta. Yule mwembamba aliyetupiwa kiatu aliitwa Kope, maana kazi yake ilikuwa kufumba na kufumbua macho ya Bibi kwa nyuzi mbili. Msimamizi wao aliitwa Kichwa. Yeye alikaa juu kabisa nyuma ya shingo, akigeuza kichwa cha Bibi na kupiga kelele za kuhesabia mwendo. Na kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja walioshika goti la kushoto. Dada mtu akaitwa Goti Mkubwa, mdogo wake akaitwa Goti Mdogo. Mimi nikaitwa Babu Sindano, ingawa sindano si kiungo cha mtu.

Nieleze jinsi Bibi alivyotembea, kwa sababu bila kujua hilo huwezi kujua kilichotokea.

Mguu wake mmoja ni mzito kuliko mtu. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuuinua. Kamba ya goti ilipanda mpaka kwenye bomba moja la chuma lililolala hewani kama mti wa mizani, ikafungwa katikati yake. Kutoka kila ncha ya bomba lile ilitoka kamba nyingine, ikapita kwenye roda juu ya fremu, ikashuka upande wake hadi kwenye mkanda wa mtu. Watu wawili, mmoja kulia kwa mguu, mwingine kushoto, wanapanda ngazi hadi kijukwaani, wanajifunga kwa kulabu, wanatazamana kupita mbele ya goti. Kichwa akiita "Shoto!" wanaruka wote kwa pumzi moja. Miili yao inashuka, goti linapanda. Watu wa chini wanauvuta mguu mbele kwa kamba fupi, kisha wale wawili wanapanda ngazi tena, na kadiri wanavyopanda ndivyo mguu unavyoshuka mpaka unakanyaga. Halafu "Kulia!" na wawili wa upande wa pili wanaruka. Hivyo hivyo mtaa mzima.

Sasa, lazima wawili hao walingane uzito, na lazima waruke pamoja. Mmoja akiruka na mwenzake akabaki amesimama, aliyeruka anabeba nusu tu ya mguu, na nusu ya mguu haimzuii mtu. Anaanguka kama jiwe. Na kuna jambo jingine, ambalo pale karakanani lilikuwa zito kuliko matusi: kamba ikishapita kwenye roda, ncha yake haiachiwi. Ukiiachia inapanda juu, inatoka kwenye roda, na kuirudisha ni kazi ya kupandisha watu juu ya fremu na kupoteza siku. Mtu akiangusha nyundo walimcheka. Mtu akiachia ncha ya kamba walimfukuza.

Goti Mkubwa alikuwa mwanamke wa mwili, mabega mapana, viganja vigumu. Alikuwa amefanya kazi ya kuvuta magunia kwa winchi ghalani tangu hajapata hata titi, kwa sababu mama yao alifariki mdogo akiwa bado anatambaa, na baba alikuwepo kwa jina tu. Alimlea mdogo wake mgongoni huku anavuta winchi. Hasira yake, nafikiri, ilianzia huko. Aliniambia siku moja, nikiwa nambana mkanda begani: "Babu, mtu akiwa na mtoto mgongoni na gunia linaning'inia juu ya kichwa, hana nafasi ya kumwambia mtu 'tafadhali'. Anapiga kelele. Basi sikuacha tena." Na kweli hakuacha. Aligombana na chai ikiwa ya moto, akagombana nayo ikipoa. Aligombana na mvua. Nilimwona kwa macho yangu akigombana na ngazi, akaishinda.

Goti Mdogo alikuwa mwembamba, mpole wa sura, lakini ukimkuna unakuta chuma kilekile. Kwa kuwa alikuwa mwepesi kuliko dada yake, mkanda wake niliukuta umeshonewa vifuko kiunoni kote, na vifuko vile vilijazwa mchanga ili walingane. Kila wiki, kabla ya mazoezi, walipimana. Bomba lilining'inizwa kwa mnyororo katikati ya karakana, dada akadandia ncha hii, mdogo ncha ile, miguu juu, na sisi wote tukatazama kama bomba limelala sawa. Likiinama, wanaongeza mchanga kwa kopo au wanapunguza. Mizani ya dukani Goti Mkubwa hakuiamini. Alisema mizani ya dukani ina mwenyewe.

Mdogo alikuwa ameolewa na dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mwema lakini wa kwenye simu. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya kwanza mapema. Ya pili ilifika karibu kabisa, kitanda kimeshatandikwa. Mara zote mbili dada yake alimhamishia chumbani kwake, akamlaza miguu juu ya mito, akamkataza hata kufagia, akamlisha kwa kijiko. Na ile ya pili ilipotoka, dada ndiye aliyekusanya nguo ndogo zote, akazifua, akazipeleka mbali kwa watu asiowajua, ili mdogo wake akirudi kutoka hospitali asikute hata soksi. Hili hakunisimulia yeye. Alinisimulia Mdogo, na alilisimulia kwa uchungu wa mtu aliyetaka abakiziwe soksi moja.

Basi tulikuwa tunajiandaa kwa maandamano makubwa. Bibi angetembea barabara kuu kutoka mwanzo hadi mwisho, watu kutoka mitaa yote wangejipanga. Siku ninayoisimulia, maandamano yalikuwa kesho yake. Asubuhi walikuwa wamepimana, bomba likalala sawasawa kama maji, tukapiga makofi. Mchana Goti Mkubwa akaniletea mikanda yote miwili nikague mishono kwa mara ya mwisho. Akatupa mkanda wake mezani kwangu, ukalia puu! Akatupa wa mdogo wake. Ule ukaanguka kimya, kama khanga.

Akautazama. Akauinua kwa mkono mmoja, halafu kwa kidole kimoja. Akafungua kifuko cha kwanza, cha pili, akavipapasa vyote. Mchanga ulikuwa umebaki kwenye kimoja tu, na wenyewe wa kujaza kijiko.

"Babu," akasema, "asubuhi si tulikuwa sawa?"

"Mlikuwa sawa."

Nikaona anafikiri, na nikaona amefika mahali sipo. Akacheka. Alipenda sana kumtania mdogo wake mbele za watu, na hapa alidhani ameokota dhahabu. Akaenda katikati ya karakana, ameuinua mkanda juu.

"Njooni muone! Goti Mdogo amekuwa tembo! Mchanga wote ameula, haukubaki hata wa kusugulia sufuria!"

Watu wakacheka. Kope naye akatia lake kutoka juu ya ngazi: "Ndiyo maana mandazi ya hapa hayafiki saa nne!"

"Anakula anajificha, anamwaga mchanga ili nisijue! Geuka tukuone, mama tembo. Weka hiyo kamba chini, zunguka!"

Goti Mdogo alikuwa amesimama kwenye nguzo, ameshika bunda la kamba mbele ya tumbo lake kwa mikono miwili. Hakucheka. Hakuiweka kamba chini. Akaishika tu, akaikaza zaidi.

Kicheko kikatuishia midomoni mmoja mmoja. Goti Mkubwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza, na aliponyamaza mdomo wake ulibaki wazi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Dada, tuongee nje."

"Tangu lini!"

"Umeniaibisha mbele ya watu, na kutoka nje hutaki? Basi tuongee mbele ya watu. Tangu mvua zilipoanza."

Mvua zilikuwa zimeanza na kwisha. Na katika muda wote huo tulikuwa na mazoezi, anapanda ngazi, anaruka, anapanda, anaruka.

"Nani anajua?"

Macho ya Mdogo yalipanda. Sote tukafuata macho yale, na mwisho wake kulikuwa na Kichwa, amekaa juu nyuma ya shingo ya Bibi na kikombe cha chai. Akashuka taratibu. Alikuwa mtu wa maneno laini, shati limepigwa pasi hata ndani ya grisi.

"Dada yangu, huyu ni mtu mzima," akasema. "Alikuja akaniambia, nikamwambia sawa, tukimaliza maandamano utapumzika. Ni siku moja tu."

"Na mchanga? Ni nani aliyemfundisha kumwaga mchanga?"

"Nilimwambia tu aangalie mizani isiharibike."

"Mizani isiharibike." Goti Mkubwa aliyasema maneno hayo polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichooza ili awe na hakika. "Mtoto anaongezeka kidogo, wewe unapunguza kopo la mchanga. Mtoto anaongezeka tena, unapunguza kopo jingine. Umemfanya mtoto wa ndugu yangu kuwa mchanga wako."

"Usilikuze jambo."

Akachukua nyundo ya mbao, akaanza kuipiga nguzo ya fremu. Akaipiga, akaipiga, vyuma vyote vikalia, roda zikatetemeka, nywele za Bibi zikatikisika huko juu, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Mimi ni mtu wa kupenda amani, na miguu yangu imenitoa kwenye ugomvi mwingi. Siku ile nilitamani aikose nguzo ampate mtu.

Mdogo ndiye aliyemzuia, kwa kupiga kelele kuliko vyuma.

"Acha! Kichwa hakunilazimisha! Nimetaka mwenyewe!"

"Umetaka kuua?"

"Sikiliza, dada! Mara ya kwanza nililala. Mara ya pili nikalala kama maiti, miguu juu, unanilisha kama kifaranga, sikufagia hata chini ya kitanda. Na wakafa! Walikufa nimelala! Huyu nimemrukia kamba tangu siku ya kwanza na yupo. Anacheza. Nikikaa chini naogopa, nikiruka siogopi. Wewe unajua nini? Umewahi kubeba?"

Hilo la mwisho lilikuwa kisu, na alijua ni kisu. Goti Mkubwa hakuwa na mtoto. Akaiweka nyundo chini, na akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baadaye: "Nimekubeba wewe."

Halafu sauti ikarudi. Alisema mdogo wake haruki kesho, basi. Kichwa akauliza ataruka nani. Kwa nini wasifunge gunia la mchanga, mtu mmoja akapendekeza. Kichwa akacheka kwa pua: gunia linajua kuanguka, halijui kupanda ngazi. Kope, ambaye moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko kifua, akasema ataruka yeye. Tukamfunga mkanda wa Mdogo, tukajaza vifuko vyote, tukamjaza na mifukoni, mpaka akatembea kama bata. Wakapimana na Goti Mkubwa, bomba likakaribia kulala. Wakapanda.

"Nisikilize, Kope," Goti Mkubwa akamwambia kutoka upande wa pili. "Usitazame chini. Nitazame mimi."

"Dada, wewe ndiye ninayekuogopa zaidi kuliko chini."

"Vizuri. Shoto!"

Goti Mkubwa akaruka. Kope alikawia, si muda wa kutosha hata kumeza mate, lakini ulitosha. Dada akashuka kama jiwe, goti la Bibi likajipinda upande, likatoa mlio wa mbao, na godoro la sponji tuliloliweka chini likapasuka mshono. Kifundo cha mguu cha Goti Mkubwa kikavimba palepale. Kope akashuka kwa ngazi akilia machozi ya kweli, akipukutisha mchanga kila pahali.

"Mmeona," akasema Kichwa. "Kesho Goti Mdogo anaruka. Na wewe dada, usipopanda, nitampandisha na mmoja wa mguu wa kulia. Mtu mara moja na nusu ya uzito wake. Utachagua mwenyewe."

Lilikuwa ni tishio la mtu anayeijua kazi. Kila mmoja pale alielewa: akiwekwa na mwanamume mzito, Mdogo angerushwa huku na huku kama kitambaa. Salama pekee aliyokuwa nayo ni dada yake upande wa pili. Goti Mkubwa akamtazama Kichwa kwa muda mrefu. Hakutukana. Jioni ndugu hao walienda nyumbani kwa barabara moja, mmoja ukingo huu, mwingine ukingo ule, hawatazamani.

Siku ya maandamano barabara kuu ilijaa. Watoto mabegani, watu kwenye mabaraza, vijana wamepanda nguzo za taa. Bibi akatolewa getini ameinamisha kichwa kama mtu anayetoka mlango mfupi, akakinyanyua, akafumbua macho, na kelele iliyotoka barabarani ilinisisimua mwili mzima, pamoja na yote niliyokuwa najua. Mimi nilikuwa nikitembea kando ya tela na mfuko wangu, ikitokea mkanda umekatika.

Ndugu wawili walikuwa juu, kila mmoja kijukwaani kwake. Goti Mkubwa alipanda akichechemea.

"Kulia!" Kichwa akaita. Wa kulia wakaruka, goti likapanda, mguu ukaenda mbele, ukakanyaga. Barabara ikapiga mayowe.

"Shoto!"

Hakuna kilichotokea.

"Shoto!"

Bibi amesimama, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Kifua kinapanda na kushuka. Kope, asijue la kufanya, anafumba na kufumbua macho ya Bibi, anafumba na kufumbua, kana kwamba mzee wa watu amesahau anakokwenda.

"Dada, ruka!" Mdogo akaita.

"Siruki."

"Watu wanatutazama!"

"Watazame. Macho ni yao."

"Shoto, nimesema!" Kichwa alikuwa amesimama sasa, shati limetoka kiunoni. "Shoto, shetani wewe!"

"Njoo uruke wewe!" Goti Mkubwa akamrudishia. "Shuka huko juu uruke! Au tumbo lako halina kitu cha kupimia?"

Watu wa mbele wakaanza kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Wa nyuma wakaanza kuzomea. Chupa tupu ikarushwa, ikampiga Bibi kwenye paja.

"Unanidhalilisha mara ya pili!" Mdogo akalia. "Mwili ni wangu! Kazi ni yangu!"

"Mwili wako nimeuosha mimi!"

"Sasa mimi si mtoto! Ruka, au naruka peke yangu!"

"Ruka uone!"

Lilimtoka kwa hasira. Ni neno ambalo ndugu huambiana kila siku, na kila siku halina madhara. Lakini nilikuwa chini nikitazama juu, nikaona magoti ya Mdogo yakikunjika, na mikono ikienda nyuma, vile anavyojikunja mtu anayeruka kweli. Na Goti Mkubwa amesimama na kamba yake imemshika kiunoni. Akiruka Mdogo, atabeba nusu, ataanguka kama jiwe.

Goti Mkubwa akafungua kulabu yake, akaiachia kamba.

Niliisikia kabla sijaelewa. Ncha ile ilipanda ikipiga vyuma, ikafika kwenye roda, ikalia kama mbuzi, ikapita, ikatoka. Watu wote wa kamba, kulia na kushoto, juu na chini, wakapiga ukelele mmoja, hata wale waliokuwa upande wake. Bomba likainama, likaning'inia kwa ncha moja. Uzito wa goti zima ukahamia kwenye kamba ya Mdogo, na mtu mmoja haushindi mguu wa Bibi. Kamba yake ikakaza, ikamvuta kwa mkanda hadi akasimama kwa ncha za vidole, anajikunja bure, hana pa kuanguka. Alibaki pale amezuiwa, anamtukana dada yake kwa maneno ambayo sikujua kama anayajua, mpaka tukapanda kumfungua.

Bibi hakutembea siku ile. Trekta lilimrudisha karakanani kinyumenyume, miguu inaburura, na watu wakamfuata wakizomea hadi getini. Kichwa alimfukuza Goti Mkubwa palepale barabarani, na hakuna aliyemtetea, kwa sababu aliachia kamba. Hata Kope. Nilimuuliza baadaye, akajibu, "Babu, angeweza kufanya chochote kingine." Nikamuuliza kipi. Akarudi kwenye nyuzi zake. Kichwa aliendelea na kazi yake na mashati yake. Mimi nikafunga mfuko wangu wiki ileile. Sikuona sababu ya kumshonea mtu yule hata kifungo.

Goti Mkubwa akapata kazi kwenye jengo, anapandisha ndoo za zege kwa roda. Nilikuwa nikimpitia mchana, tunakula mkate kwenye rundo la matofali. Mdogo hakuwa akizungumza naye. Alikuwa amehamia upande wa pili wa mji, mumewe amechukua likizo, na salamu zilipita kwangu.

"Mwambie anywe maji mengi," Mkubwa alikuwa akiniagiza. "Na mwambie ni mjinga."

Nilifikisha lile la maji. Na Mdogo alikuwa akinirudisha na jibu: "Mwambie nakunywa nikiona kiu, si akiona yeye." Alikuwa amekaa tu, siku zote hizo, kwa sababu Kichwa hakumrudisha kazini, na hakuna kampuni nyingine ya kamba iliyomchukua ndugu wa mwanamke aliyeachia kamba. Na alikuwa akiogopa. Alikaa, akaogopa, kama alivyosema. Kila nilipomwona mikono yake ilikuwa juu ya tumbo, inasubiri kuambiwa kitu.

Mchana mmoja simu ya Goti Mkubwa ikalia tukiwa kwenye matofali. Akasikiliza, akaondoka na sapatu zake zilizoganda zege bila kumuaga msimamizi wa jengo. Nikamfuata polepole, kwa kuwa magoti yangu mimi hayana wa kuyavuta.

Nilipofika wodini nilikaa kwenye benchi nje ya mlango. Mlango ulikuwa wazi, na ndani mtoto alikuwa analia, kilio kizito cha mtu mwenye mapafu yake. Mtoto wa kike. Ndugu wale walikuwa wanatazamana kitandani.

"Umeniita," akasema Mkubwa.

"Nimekuita. Sijakusamehe."

"Mimi pia sijakusamehe."

Mtoto akazidisha kilio.

"Angezaliwa tu," Mdogo akasema. "Hata ningeruka siku ile. Angezaliwa tu. Ulituharibia kazi yetu bure, ukatutia aibu mji mzima, bure."

"Labda."

"Si labda! Nilikuwa namsikia, alikuwa mzima!"

"Nimesema labda. Na labda hapana. Nani atakuja kutuambia? Mlete huku, unamshika shingo vibaya."

"Namshika ninavyotaka. Wangu."

"Wako, lakini shingo ni yake!"

"Unaona? Unaona ulivyo? Hata leo!"

"Hata leo nini? Nimekaa miezi yote hii nakula mkate na mzee wa watu, nakutumia salamu kama mdaiwa, halafu unaniambia hata leo?"

"Ulinitumia salamu za maji! Nani anataka salamu za maji?"

Sauti zilikuwa zimefika mahali ambapo wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wamekaa ili wasikose kitu. Muuguzi akapita mbele yangu kwa haraka, mwanamke kijana mwenye kofia nyeupe, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyinyi akina mama, hapa si sokoni. Huyu mtoto anahitaji utulivu, na wewe mgeni, toka nje."

Goti Mkubwa akageuka. Goti Mdogo akageuka. Mtoto alikuwa kati yao, mkono wa mmoja chini ya kichwa, mkono wa mwingine chini ya matako, na sikuona ni lini walimshika hivyo.

"Umemwambia nani atoke?" akauliza Mdogo.

"Mimi ni dada yake!" akasema Mkubwa. "Toka wewe!"

Muuguzi akatoka. Akaketi kando yangu kwenye benchi, akaniuliza kama wale watu ni wangu. Nikamwambia ndiyo.